Treni Nzima Ndani ya Gari Moja: Mwongozo wa Kukusanya na Kuunda Modeli za Mabasi ya Reli

Aliyekulia karibu na reli anakijua kiberenge, kile kigari kifupi chenye injini kinachowapeleka mafundi kukagua na kutengeneza njia. Mlio wake haufanani na wa treni. Kinanguruma kama basi dogo, magurudumu yanagonga maungio ya reli harakaharaka, na ukigeuka kukitazama kimeshapita. Katika nchi nyingine wazo hilohilo lilikuzwa likawa gari la abiria: bodi ya basi, injini ya basi, viti vya basi, ila magurudumu ni ya chuma. Hilo ndilo basi la reli. Na kwa yeyote anayetaka kuingia katika ufundi wa treni ndogo za mezani, sijaona mlango mzuri kuliko huo.

Chukua vipimo uone. Katika skeli ya 1:87, inayotumika kuliko zote duniani, behewa la abiria la Kijerumani lenye urefu wa mita 26.4 huwa na sentimita 30. Mabehewa matano peke yake yanakula mita moja na nusu, na hapo kichwa cha treni hujakihesabu. Basi la reli lina sentimita 16, na ni treni kamili: lina injini, dereva, abiria na taa za mbele na nyuma. Stesheni yake inaenea kwenye ubao wa rafu. Ndiyo maana anayeanza na basi la reli huweza kumaliza alichoanza.

Lilikotoka

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shirika la reli la Ujerumani Magharibi lilikuwa na njia nyingi za vijijini zenye abiria wachache. Kuwasha kichwa cha mvuke, chenye dereva, mchochea moto, makaa na maji, kwa ajili ya watu ishirini ilikuwa hasara tupu. Kiwanda cha Waggonfabrik Uerdingen kikaleta dawa. Magari ya majaribio ya aina ya VT 95 yalitoka mwaka 1950, na katikati ya muongo huo likafuata VT 98, lenye injini mbili za Büssing zilizofungwa chini ya sakafu, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 150. Lilikuwa na ekseli mbili tu, zilizoachana mita 6, na lilikwenda hadi kilomita 90 kwa saa. Wajerumani wakayapa mabasi hayo jina la mwokozi wa njia ndogo.

Marekani walikuwa wamefika hapo mapema zaidi, tena kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1931 kampuni ya Rio Grande Southern, iliyopita kwenye milima ya Colorado, haikumudu tena gharama za treni za mvuke, lakini haikutaka kupoteza mkataba wa kupeleka barua. Mafundi wa karakana ya Ridgway wakachukua magari ya kifahari yaliyokwishatumika, Buick kwanza na Pierce-Arrow baadaye, wakayavisha magurudumu ya reli na kuyafunga sanduku la mizigo nyuma. Yalitengenezwa saba kwa ajili ya njia hiyo, yakajulikana kwa jina la Galloping Goose, yaani bata bukini mwenda mbio. Sita kati ya hayo yapo hadi leo, na matatu yanaonyeshwa katika Makumbusho ya Reli ya Colorado mjini Golden.

Uingereza nayo ilijaribu. Kuanzia mwaka 1958 British Railways ilitumia mabasi ya reli 22 kutoka kwa watengenezaji watano, ingawa hayakutosha kuziokoa njia nyingi yalizopangiwa na zikafungwa katika miaka ya 1960.

Kote huko basi la reli lilizaliwa na uhaba: abiria wachache, fedha kidogo, mafundi wasiokubali njia ife. Mwenye meza ndogo na mfuko mwembamba yuko katika hali hiyohiyo, na dawa ni ileile.

Skeli na geji

Maneno haya mawili huchanganywa sana. Geji ni upana kati ya reli mbili, ukipimwa kutoka ubavu wa ndani hadi ubavu wa ndani. Skeli ni mara ngapi kitu halisi kimepunguzwa. Kabla ya kununua chochote, jua hizi:

- H0: skeli 1:87, geji milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, utapata takriban milimita 1,435, geji ileile ya SGR ya Kenya na Tanzania. VT 98 yenye mita 13.95 huwa na milimita 160.
- N: skeli 1:160, geji milimita 9. VT 98 huwa na milimita 87 tu. Inafaa chumba kidogo, lakini inadai macho makali na mikono iliyotulia.
- O: geji milimita 32, skeli 1:45 Ujerumani, 1:43.5 Uingereza na 1:48 Marekani. Ni kubwa, inaonyesha kila kitu, na bei yake hupanda pamoja na ukubwa.
- On30: skeli 1:48 lakini juu ya reli za milimita 16.5. Bachmann walitoa Galloping Goose kwa mtindo huu, kwa hiyo gari kubwa linatembea kwenye reli za bei ya H0.
- G: geji milimita 45, iliyoenezwa na LGB. Hii ni ya bustani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni H0. Reli zake hupatikana kirahisi, vipuri ni vingi, na mabasi ya reli yaliyotumika hayakosekani sokoni Ulaya.

Mkusanyaji aanze wapi

Mkusanyo mzuri huanza na mpaka. Ukinunua kila kinachokupendeza, baada ya miaka mitatu utakuwa na kabati lililojaa na usijue linasimulia nini. Chagua hadithi moja. Inaweza kuwa aina tano za Uingereza, moja kutoka kwa kila mtengenezaji. Heljan wamewahi kutoa kadhaa kati ya hizo kwa skeli ya Kiingereza ya OO. Inaweza kuwa familia ya Uerdingen, ambayo Märklin, Fleischmann na Roco wote wameitengeneza. Au inaweza kuwa Colorado na mabata bukini wake.

Ukichagua Uerdingen, jifunze kwanza kutofautisha VT 95 na VT 98, maana wauzaji wengi hukosea. Tazama ncha za gari. VT 98 lina vikingio viwili vya mviringo kila upande na kulabu ya kawaida ya treni, kwa hiyo liliweza kuvuta mabehewa mengine. VT 95 halina vikingio hivyo. Lina bampa kama ya basi na kiungio chepesi katikati.

Kisha soma namba. Mwaka 1968 shirika lilibadilisha mfumo wake, na VT 98 likaitwa 798, VT 95 likawa 795. Gari lenye namba ya zamani na behewa lenye namba mpya hayaendi pamoja, hata kama rangi nyekundu ni moja. Kumbuka pia kwamba VB ni behewa la kukokotwa tu, na VS ni behewa lenye chumba cha dereva, ili treni iweze kurudi ilikotoka bila kugeuzwa. Seti ya VT, VB na VS haifiki nusu mita, na inapendeza sana ikisimama stesheni.

Kununua kilichotumika

Wengi wetu tutanunua kwa njia ya mtandao, mbali na macho yetu. Muulize muuzaji haya kabla ya kulipa:

1. Picha ya chini ya gari. Humo utaona magurudumu, kutu, na kama skrubu zimechezewa.
2. Video ya gari likitembea polepole mbele na nyuma. Mwendo wa kasi huficha ugonjwa wa mota.
3. Kama ni la reli mbili au la Märklin la reli tatu. Nitaeleza tofauti hivi punde.
4. Picha za ncha zote mbili kwa karibu, uhesabu vikingio, vioo vya pembeni na taa. Vipande hivyo ndivyo hupotea kwanza na ndivyo vigumu kupatikana.
5. Kama sanduku ni lake. Linganisha namba ya kwenye lebo na ya gari. Sanduku huongeza thamani, lakini sanduku la gari jingine ni karatasi tu.

Kwa modeli za zamani za chuma, chunguza ugonjwa wa zinki. Zinki iliyochanganyika na uchafu kama risasi wakati wa kumiminwa kalibuni huanza kuvimba na kupasuka yenyewe miaka mingi baadaye. Dalili zake ni nyufa nyembamba kama nywele, malengelenge chini ya rangi, na chasisi iliyopinda. Hauna tiba. Gari la namna hiyo liache.

Kwa upande mwingine, gari lililonyamaza huenda halina ugonjwa wowote. Niliwahi kupokea basi jekundu la H0 ambalo halikutikisika hata nilipoliwekea umeme wote. Nilipolifungua nikakuta grisi ya zamani kwenye giya imeganda, rangi ya kahawia, ngumu kama utomvu wa mti. Niliikwangua kwa kijiti cha meno, nikafuta kila jino la giya kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, nikahakikisha spiriti haigusi rangi ya bodi. Kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila ncha ya ekseli, tone kwa ncha ya sindano. Gari likaanza kwa kusuasua, likatulia, na linatembea hadi leo. Grisi iliyoganda, ringi za mpira zilizokauka kwenye magurudumu na brashi za mota zilizokwisha ni vitu vya bei ndogo. Usiviogope.

Umeme

Katika mfumo wa reli mbili, reli moja hupeleka umeme na nyingine huurudisha. Ni mkondo mnyoofu, kwa kawaida hadi volti 12, na ukibadilisha pande za umeme gari linarudi nyuma. Katika mfumo wa Märklin wa H0 hutumika mkondo geu: reli zote mbili ni upande mmoja wa umeme, na upande wa pili uko kwenye vinundu vidogo katikati ya mataruma, vinavyoguswa na ulimi mrefu wa chuma chini ya gari. Magurudumu ya Märklin hayajatenganishwa kiumeme, kwa hiyo ukiliweka gari hilo kwenye reli mbili utapata shoti papo hapo. Chagua mfumo mmoja, ubaki nao.

Magari mapya mengi yana soketi ya kupokea dikoda ya dijitali. Si lazima uanze nayo. Gari lenye soketi linaweza kusubiri mpaka uwe tayari.

Hili la mwisho ni la usalama. Transfoma iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na ya Japani kwa volti 100. Umeme wa ukutani Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240, kwa hiyo ukiichomeka itaungua na inaweza kuwasha moto. Nunua iliyoandikwa volti zetu. Transfoma kuukuu yenye waya uliochubuka usiifungue na usiirithishe mtoto. Itupe, ununue mpya.

Kuunda lako kwa mkono

Mafundi wa Ridgway hawakusubiri kiwanda, nawe huhitaji kusubiri. Hesabu moja inatufaa sana. Reli za H0 za milimita 16.5, ukizitazama kwa skeli ya 1:64, zinawakilisha milimita 1,056. Geji ya TAZARA ni 1,067, na ya reli za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania ni 1,000. Na 1:64 ndiyo skeli inayotajwa kwenye magari mengi ya kuchezea ya chuma yanayouzwa madukani. Maana yake ni kwamba bodi ya gari la kuchezea, chasisi yenye mota ya H0 na reli za kawaida vinakupa kiberenge cha nyumbani kwetu.

*Pima bodi.* Neno 1:64 kwenye kasha mara nyingi si kweli, kwa sababu watengenezaji hukuza na kupunguza ili kila gari lienee katika kasha lilelile. Toyota HiAce ya bodi nyembamba ina upana wa milimita 1,695. Gawanya kwa 64, ni milimita 26.5. Kama ya kwako ina upana wa 26 au 27, umepata. Ikiwa na 22, itaonekana imedumaa juu ya reli.

*Pima ekseli.* Kwenye HiAce ndefu ekseli zimeachana milimita 2,570, sawa na 40 katika 1:64. Tenshodo wa Japani wamewahi kutengeneza chasisi ndogo zenye mota kwa urefu mbalimbali. Si lazima ilingane kabisa na matao ya magurudumu. Utayafunika kwa ubao wa pembeni, kama walivyofanya mafundi halisi.

*Fungua gari.* Bodi ya chuma hushikwa na ribiti mbili chini. Bana gari, toboa vichwa vya ribiti kwa drili yenye ncha kubwa kidogo kuliko shina lake, ukivaa miwani ya kukinga macho. Ondoa viti, vioo na ekseli, uvihifadhi vioo.

*Tenga umeme.* Hapa ndipo wengi huunguza mota. Bodi ni ya chuma na chasisi ina umeme. Tengeneza sakafu kwa plastiki ya milimita 1, ikae katikati yao, na upande wa ndani wa bodi bandika utepe wa umeme popote waya au mota inapoweza kugusa.

*Jaribu kabla ya rangi.* Weka bodi juu ya chasisi bila gundi, pitisha gari kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo. Gurudumu likigusa bodi, kwangua sasa. Kagua pia kimo: sakafu ikikaa juu sana gari litaonekana limesimama kwenye vidole.

*Paka rangi.* Osha bodi kwa sabuni, kausha, paka rangi ya msingi, kisha safu mbili au tatu nyembamba za rangi ya kupuliza, nje ya nyumba au mbele ya dirisha lililo wazi. Safu moja nene hutiririka na kuzika kila mstari wa mlango.

*Rudisha vioo mwisho,* na usivibandike kwa supaglu. Mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Niliharibu vioo vya gari zima kwa namna hiyo, usiku mmoja, kwa kutaka kumaliza kabla ya kulala. Gundi nyeupe ya mbao huchukua saa kadhaa kukauka, lakini hukauka ikiwa angavu.

*Taa.* LED nyeupe yenye kizuizi cha omu 1,000 inatosha kwa volti 12. Kwa mkondo mnyoofu, funga moja mbele na moja nyuma kwa kuelekezana kinyume, kila moja na kizuizi chake, na taa zitabadilika zenyewe gari linapogeuza mwendo.

Kuliendesha

Udhaifu wa basi la reli ni magurudumu manne. Kichwa kikubwa huokota umeme kwa magurudumu manane au kumi na mawili. Gurudumu moja likipita juu ya vumbi, mengine yanaendelea. Basi la reli likikosa mguso upande mmoja linasimama, hasa pale njia zinapogawanyika, penye kipande cha plastiki kisicho na umeme.

Dawa ni nne. Safisha magurudumu mara kwa mara: lowesha kitambaa kwa spiriti, kitandike juu ya reli, shikilia gari huku magurudumu ya mota yakizunguka juu yake, uone mistari miwili myeusi inavyobaki. Futa reli kwa kitambaa, si kwa msasa, maana mikwaruzo ya msasa hukusanya uchafu upya. Nunua makutano ya njia ambayo kitovu chake kina umeme. Na kama unavuta behewa, lifanye nalo liokote umeme na kuupeleka kwenye gari kwa nyaya mbili nyembamba. Wakazi wa pwani wachague reli za aloi ya nikeli, kwa kuwa za chuma hushika kutu kwa chumvi ya hewani.

Njia yenyewe si lazima iwe duara. Ubao wa sentimita 120 kwa 30 unatosha: stesheni upande huu, kituo kidogo upande ule. Kwa kuwa VT 98 lina chumba cha dereva kila ncha, huenda na kurudi bila kugeuzwa. Bata bukini wa Colorado alikuwa na uso upande mmoja tu, kwa hiyo mtengenezee meza ya kugeuzia.

Kutunza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila gari: mtengenezaji, namba, tarehe uliyonunua, bei, ulichotengeneza. Gari la mkusanyo usilipake rangi upya. Mikwaruzo ya asili ina thamani kuliko rangi mpya. Hifadhi mbali na jua na unyevu, ukiweka ndani ya sanduku vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Liendeshe angalau mara moja kila baada ya miezi michache ili mafuta yasigande. Vipande vidogo viwe mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu, na magari ya zamani sana yasitiwe mdomoni, kwani rangi zake zinaweza kuwa na risasi.

Kisha jifunze mwendo. Kilomita 90 kwa saa katika H0 ni mita moja kwa sekunde tatu na nusu, na kilomita 40, mwendo wa njia ya kijijini, ni mita moja kwa sekunde nane. Pima mita moja mezani, shika saa, rekebisha umeme mpaka gari litumie sekunde nane kamili. Lisimamishe stesheni. Hesabu polepole hadi ishirini, muda wa mama kushuka na kikapu na mtoto kupanda, halafu liache liondoke. Mtoto aliyekaa kando yako akikuuliza nani ameshuka, umeshapata njia ya reli.